Bibi Tarver Hakuitika

Mke wangu alikataa kuitika, na watu wa hapa Pinder wanasema hicho ndicho kilichomuua. Wanasema kanisani, wanasema kwa kinyozi. Walisema hata sebuleni kwangu siku ya mazishi, sahani za kuku mkononi, wakidhani sisikii. Kiburi, wanasema. Nikilisikia neno hilo mdomo wangu unajaa mate. Basi nitaeleza alikuwa nani na mambo yalikwendaje, nami sitapamba.

Alizaliwa Ozella Fitts, ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la pamba ambalo baba yake alililima na mwenye shamba akavuna. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, mtu wa kuchekea puani. Nilipomwoa alikuwa dobi wa hospitali ya kaunti, mimi nikifanya kazi kiwanda cha mbao. Tulizaa wawili. Hawakukaa duniani.

Tangu siku ya harusi aliniita Bwana Tarver, nami nikamwita Bibi Tarver, hata jikoni, hata tukigombana. Wazee wetu wote walifanya hivyo. Huko nje mtu mweupe, hata awe mtoto wa juzi, alikuita jina lako tupu kama anavyomwita mbwa wake. Ukiota mvi akakuita mjomba, au shangazi, ili tu ulimi wake usiguse Bwana wala Bibi. Kwa hiyo tuliyasema nyumbani. Yasiposemwa nyumbani yatasemwa wapi.

Hospitali ya kaunti ilikuwa na orofa mbili za matofali, madirisha marefu na maua mbele. Hizo zilikuwa za weupe. Sisi tulilazwa chini ya ardhi, ubavuni mwa boila la kupashia jengo moto. Wodi ilikuwa na dirisha moja, na makaa ya mawe yalimwagwa kupitia dirisha hilo hilo. Vumbi likawashukia wagonjwa. Mwenye kujifungua, mwenye kifua kikuu, aliyechomwa kisu, wote chumba kimoja, pazia hakuna. Mabomba ya choo cha weupe yalipita darini juu ya vitanda, na moja lilivuja. Waliweka ndoo chini yake. Nimeiona ndoo hiyo. Hayakuwa maji ya mvua.

Ozella alijua zaidi, maana mashuka yote yalipita mkononi mwake. Ya juu yalifuliwa kwanza. Ya chini yalingoja jioni, yakafuliwa kwa maji yale yale yaliyokwisha kufua ya juu. Mara moja alimwomba msimamizi maji mapya.

"Ya nini?" msimamizi akamwambia. "Kule chini giza. Wataona nini?"

Alinisimulia hayo akiwa mezani, kisha akasukuma sahani.

Dada yake, Lutie, alikuwa mwalimu. Aliugua tumbo ghafla. Daktari Stokely, daktari wetu pekee mweusi katika kaunti nzima, akamgusa mara moja akajua ni kidole tumbo, kinataka kupasuka. Akampakia kwenye gari lake mwenyewe akamkimbiza hospitali ya kaunti. Mlangoni akamkabidhi kama mtu anayekabidhi mzigo, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kutibu mle ndani. Hata mgonjwa wake mwenyewe. Alibaki uani, kofia mkononi, akitazama mlango.

Daktari wa ndani hakushuka siku ile. Kesho yake Ozella alipopata nafasi akatoka kufua akashuka chini. Akamkuta Lutie kando ya ile ndoo. Beseni la haja lilikuwa chini yake tangu alfajiri, limejaa, nzi wamelijaa, na shuka limelowa. Nesi mweupe akapita, kitambaa puani.

"Lutie, msichana wewe," akasema, "umejichafua tena."

Lutie alikuwa na mume na darasa zima la watoto waliosimama kumwamkia kwa heshima kila asubuhi. Akasema, "Nisamehe, Bi."

Hakusema kingine tena. Ozella alimfuta kwa aproni yake, akamfumba macho, akaiacha ile aproni pale sakafuni akatoka. Alipofika nyumbani alijisugua kwa magadi mpaka mikono ikachubuka. Hakula siku ile wala iliyofuata. "Naisikia harufu kwenye mkate," akaniambia.

Kulikuwa na chama cha wanawake wetu, Mabinti wa Siloamu. Kazi yake kuzika. Ulitoa ada yako, ukifa unapata jeneza na maua na wanawake waliovaa nyeupe. Ozella hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Baada ya Lutie alisimama.

"Dada zangu," akasema, "tunazika vizuri mno. Mtu akifa tunamlaza kwenye hariri. Akiwa hai hatuna godoro la kumlaza."

"Keti, Dada Tarver," mweka hazina akamwambia. "Hospitali ni kitu cha matajiri."

"Na lile jeneza la Dada Minnie, lenye vishikio vya shaba, alilinunua tajiri gani?"

Wakacheka. Kisha hawakucheka. Mjadala ulikwenda majira yote ya baridi. Walibishana, wakanuniana, wawili wakahama chama. Mwishowe walinunua nyumba ya mfanyabiashara wa pamba aliyefilisika, iwe hospitali yetu, Siloamu, na sisi wanaume tukaitwa tuje na misumeno yetu. Nilitengeneza rafu na milango ya nyumba ile. Daktari Stokely alipewa chumba chenye madirisha mapana kiwe cha upasuaji. Siku alipopasua mara ya kwanza chini ya paa ambako hakuna mtu angemfukuza, alitoka akaketi kwenye ngazi akalia kama mtoto. Tulijifanya hatuoni.

Hatukuwa na kitu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa Siku ya Ratili: kila nyumba ilileta ratili moja ya ilicho nacho. Ratili ya unga, ya mafuta ya nguruwe, ya sukari, ya sabuni. Mashuka yalishonwa kwa magunia ya unga. Ozella aliyachemsha na majivu ili chapa ya kiwanda itoke, lakini kuna gunia moja lilikuwa na jogoo mwekundu ambaye hakukubali kutoka. Wagonjwa walikuwa wanamsingizia.

"Metroni, huyu jogoo ameniamsha mapema."

"Mlalie. Ukimwinukia tu atapanda kichwani."

Maana sasa yeye ndiye alikuwa metroni, mkuu wa manesi. Hakusomea. Wanawake walimpa funguo na Daktari Stokely akamfundisha alichoweza. Na mashuka ya Siloamu, haidhuru yatoke wapi, kila moja lilifuliwa kwa maji yake. Ukiyaingiza kwenye maji yaliyotumika alikufukuza kazi, hata uwe binti wa mchungaji.

Kanuni nyingine ilikuwa ya mlangoni. Kila aingiaye Siloamu aliitwa Bwana, Bibi au Binti na jina la ukoo wake. Mwosha sahani. Kahaba. Mfungwa mwenye pingu. Wanaofunzwa unesi walifunzwa hilo kabla ya kushika kipimajoto. Kuna Jumamosi walimleta Purvis Lomax kutoka kilabuni, amechanwa kisu bega zima, ananuka pombe ya kienyeji.

"Karibu, Bwana Lomax," Ozella akamwambia. "Lala hapa."

Purvis akatazama nyuma. "Bwana Lomax yuko wapi?"

"Ndiye wewe."

"Bwana Lomax ni baba yangu, na amekufa, na aliniachia deni."

"Basi na cheo amekuachia. Lala, Bwana Lomax, unanimwagia damu sakafuni."

Purvis akalala. Alipokuwa anashonwa hakutukana hata kidogo, na mimi namjua Purvis, anatukana hata akila. Alipotoka alikwenda kununua kola nyeupe ya kubandika. Aliivaa muda mrefu, bila shati la maana chini yake.

Watu walizaliwa pale. Mji mzima wetu. Nikipita barabarani naona vichwa ambavyo Ozella alivipokea kwa mikono yake. Likumbukeni hilo, nitafika huko.

Serikali kule juu ilipotunga bima ya wazee, ilisema haitalipa hospitali yoyote yenye kutenga watu. Hospitali ya kaunti ikang'oa vibao vya weupe huku, weusi kule, ndani ya wiki moja. Vibao vilivyodumu tangu nikiwa kijana, ambavyo walituapia Mungu mwenyewe ndiye aliyevigongomea. Wakaviondoa, wakapiga rangi alama za misumari, wakapokea hundi. Wakati huo huo akaja mtu wa jimbo kukagua Siloamu. Akasema ukumbi ni mwembamba na ngazi ni za mbao. Ngazi zilikuwa za mbao tangu mwanzo, na miaka yote hiyo jimbo liliona ni sawa tufie juu yake. Sasa walitaka tuweke lifti. Bila lifti hakuna cheti, bila cheti bima hailipi.

Wa kwanza kuhamia kule kaunti alikuwa Mchungaji Hobdy, na mshipa wake wa ngiri. Aliporudi alipita kwetu kutuonyesha kovu.

"Dada Tarver, wana runinga," akasema. "Aisikrimu kila jioni. Kitanda kinainuka chenyewe."

"Walikuitaje?" Ozella akamwuliza.

"Nani?"

"Hao wa aisikrimu. Walikuitaje, Mchungaji?"

Akajifuta paji la uso. "Ah, unawajua watu hawa. Waliniita Mhubiri."

"Mhubiri nani?"

"Mhubiri tu."

"Huyo Mhubiri Tu simjui. Aliyenifungisha ndoa ni Mchungaji Hobdy."

Lakini watu wetu walimfuata yeye, hawakumfuata Ozella. Walikwenda kwa runinga. Walikwenda kwa sababu sakafu ilikuwa inang'aa. Siku ya Ratili ikabaki ya vibibi wachache na vifurushi vyao. Ada hazikuja. Wanawake walipiga kura kufunga, Ozella akafunga mlango mwenyewe. Vitanda vilinunuliwa na weupe wenye kambi ya kuwinda kulungu. Wanalala juu yake na buti zao, nimeambiwa, na mizoga imening'inia nje.

Baada ya hapo ndipo akaanza kushika ubavu akidhani simwoni. Alinificha muda. Nilipoona damu kwenye maji ya kufulia nilimwita Daktari Stokely. Alikuja na mkongojo, akampima kwenye kitanda chetu.

"Bibi Tarver," akasema, "kuna kitu humo. Kinatakiwa kitoke, na kitoke upesi. Kikitoka sasa una miaka."

"Kitoe basi."

"Nikutolee wapi? Juu ya meza ya jikoni?"

"Si ulishawahi?"

"Nilikuwa kijana. Na mikono ilikuwa hii?" Akamwonyesha. Ilitetemeka. "Siku hizi kule kaunti wananiruhusu kuingia. Saa za wageni, kama anayepeleka maua. Nitakuandikia, lakini atakayekupasua ni wao."

Ozella akavuta blanketi.

"Nitakwenda," akasema. "Wakiniita, nitaitika."

Nilijua anamaanisha nini. Daktari naye alijua.

Tulikwenda. Alivaa kofia yake na glavu, mkoba magotini. Ukumbi ulikuwa mpya, viti vya rangi ya chungwa, weupe wamekaa upande wao na sisi upande wetu, ingawa vibao havikuwapo. Binti mweupe wa meza ya mapokezi alikuwa anatafuna ubani.

"Ozella."

Mke wangu alikuwa anatazama ukuta.

"Ozella." Akatazama kadi, akatutazama. "Shangazi, si ni wewe?"

Ozella akamgeukia. "Binti, kaka yangu hakuzaa mtoto wa rangi yako. Au kuna jambo alitufichia."

Wetu wawili watatu wakacheka viganjani. Mzee mmoja mweupe akashusha gazeti. Binti uso ukawa kama nyama mbichi.

"Usipoitika naita mwingine."

"Ita, mama. Ukimfikia Bibi Tarver, nipo hapa."

Akaichukua ile kadi akaiweka chini ya zote. Tulikaa mpaka mfagiaji akafika miguuni petu. Wakasema turudi Alhamisi.

Garini nilimwambia, "Ozella ni jina lako. Mama yako ndiye alikupa."

"Alinipa aniite yeye."

"Hilo Bibi ni neno tu, Bibi Tarver."

"Kama ni neno tu, mbona haliwatoki?"

Nikawasha gari.

Alhamisi ikawa vile vile. Safari hii mke wa Mchungaji Hobdy alikuwa amekaa kiti cha pili. Akainama.

"Itika basi, dada, foleni isogee," akanong'ona. "Unatutia aibu mbele ya watu."

"Watu gani?" Ozella akamwuliza.

Mama Hobdy akahamisha mkoba wake akakaa kiti cha mbali. Watoto wake wote walizaliwa Siloamu. Wa mwisho alitoka na kamba shingoni, na Ozella ndiye aliyempulizia pumzi. Nilimtazama mwanamke yule akila biskuti, makombo kifuani, na nikaona heri ningekuwa nimekaa karibu na ile ndoo.

Tulirudi tena, na tena. Pamba ilichanua. Glavu zake zikaanza kumpwaya. Kila tulipotoka nyumbani alipiga pasi blauzi yake, akiegemea meza, na hakutaka nimshikie.

Mwisho alianguka jikoni. Nilimbeba nikamwingiza kwa mlango wa dharura. Pale hawaiti majina, wanabeba tu. Walimlaza chumba kimoja na mwanamke mweupe. Kabla ya jioni ndugu za yule mwanamke walikuwa wamemhamisha mgonjwa wao, na mmoja alibeba mto wake kwa ncha za vidole. Miguuni pa kitanda cha mke wangu waliweka kadi. Mimi si msomaji, lakini hizo herufi nazijua. OZELLA. Basi.

Sasa mambo yakawa hivi. Daktari wa kupasua alitaka kumpasua. Lakini ilimpasa mgonjwa akubali kwa kinywa chake, ajulikane ana akili timamu. Kila asubuhi walisimama pale, daktari na nesi mkuu, mwanamke aliyeitwa Bi Haskew, mkavu kama kuni.

"Ozella. Ozella, unatusikia?"

Macho yalikuwa wazi, yanatazama dirisha.

"Amechanganyikiwa," Bi Haskew akasema. "Wanakuwa hivyo wakizeeka."

"Hajachanganyikiwa," nikasema. "Mwite Bibi Tarver."

Bi Haskew akanitazama kama kitu kilichobandikwa kwenye soli ya kiatu chake. "Mjomba, hapa tunatibu wote sawa. Hatuna upendeleo."

Wakaondoka. Akili ikirudi, wakasema, watampasua.

Palikuwa na nesi wetu mmoja katika wodi ile, Verlene Pettway. Alifunzwa Siloamu. Ozella alimchukua akiwa binti wa shamba asiyejua kufunga kamba za viatu, akamlisha nyumbani kwetu, akamfundisha. Verlene aliingia na dawa. Alipokuwa peke yake na sisi alinong'ona, "Bibi Tarver, kunywa." Ozella akanywa. Bi Haskew alipokuwa mlangoni Verlene alisema kwa sauti, "Haya, Ozella, kunywa." Ozella akafumba kinywa. Nililiona hilo kwa macho yangu, mwanamke yule yule, sauti mbili katika saa moja.

Nilimkuta kwenye sinki ukumbini, ananawa mikono na hamalizi.

"Nani alikufundisha kazi?" nikamwuliza.

"Bwana Tarver, nina watoto. Hapa wananitazama tu nikosee. Nikikohoa vibaya wamenifukuza."

"Sikukuuliza hilo."

"Unajua ni nani."

"Na yeye anajua unaitwa nani. Ana maumivu, Verlene. Usiku anauma shuka."

Alisugua vidole upya. Maji yaliendelea kutoka.

Asubuhi walikuja tena. "Ozella, unatusikia?" Macho dirishani. Daktari akatazama saa yake. Verlene alikuwa nyuma na trei, na nilisikia vitu vya ile trei vinagongana.

"Bibi Tarver," akasema. Akaweka trei chini. "Bibi Tarver, daktari anakuuliza, unakubali kupasuliwa?"

Mke wangu akageuza kichwa. "Naam, Nesi Pettway. Nakubali."

Daktari alitazama viatu vyake.

"Nani Bibi Tarver humu?" Bi Haskew akasema.

"Mimi hapa," Ozella akamwambia. "Mmechelewa kunitafuta."

Kabla ya adhuhuri Verlene alikuwa ameshushwa chini kuchambua mashuka machafu, na huko ndiko yupo mpaka leo, na cheti chake cha unesi.

Walimpasua kesho yake. Haikuchukua muda, nikajua. Daktari akanifuata ukumbini. Alikuwa anamumunya peremende. Harufu hiyo siivumilii tena, mtu akiifungua kanisani natoka.

"Mjomba," akasema, "saratani imeenea kote. Tumefungua tukafunga. Mngemleta mapema."

"Tulimleta."

"Lini?"

"Pamba haijachanua. Tuliketi pale, kwenye viti vya chungwa. Tulirudi na kurudi."

Akanipeleka mezani, maana alikuwa mtu wa kutaka hakika. Yule binti akapekua kadi zake.

"Hakuja," akasema. "Nimeandika hapa. Siku hiyo hakuja, na hii hakuja, na hii. Niliita, hakuna aliyeitika."

Nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake. Alikuwa amenitazama usoni kila siku hizo. Hakuwa anadanganya. Aliamini. Kwake yeye viti vile vilikuwa vitupu.

"Basi ndiyo hivyo," daktari akasema, akahamisha peremende shavu la pili.

Ndiyo hivyo. Na wetu wakaipokea ile kadi kama Injili. Hakuja, kiburi, angeitika tu. Mchungaji Hobdy alitaka kuligusa jambo hilo juu ya jeneza, kwa upole, kama funzo. Nilisimama nikamwambia aombe akae. Akaomba akakaa.

Alikufa nyumbani, kitandani kwetu, asubuhi, kidole changu kimoja mkononi mwake. Lakini nataka mjue alivyotoka mle hospitalini, maana hamkuwapo, au mlikuwapo mkatazama pembeni.

Walitaka abaki. Akasema hapana. Nilimvisha kofia nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma kupita ule ukumbi. Ulikuwa umejaa. Binti alikuwa mezani na ubani wake, anaita. "Essie." Mama Hobdy akainuka haraka, akipangusa makombo, "Naam, Bi." "Purvis." Naye Purvis Lomax, mzee sasa, akainuka. "Naam, Bi." "Dollie." "Naam, Bi." Mmoja mmoja walisimama, na kila aliyesimama alituona, akatazama sakafu.

Nilipunguza mwendo. Nilidhani anataka kusema nao.

"Sukuma, Bwana Tarver," akasema. "Kunanuka humu."